Darasa Moja, Watoto Wasiolingana

Katika mabaraza ya wazazi, na hata katika mazungumzo ya walimu wakati wa mapumziko, husikiwa mara kwa mara swali moja ambalo jibu lake si jepesi. Mwalimu akiwa na watoto 50 au 60 katika chumba kimoja, baadhi yao wasoma kitabu kwa ufasaha na baadhi wangali wakibabaika katika herufi, amfuate nani? Akimfuata mwepesi, mzito atabaki nyuma na mwishowe ataacha shule. Akimngojea mzito, mwepesi atachoka, ataanza kucheza, na mzazi wake atanung'unika ya kuwa mtoto wake apotezewa wakati. Mshika mbili, walinena wahenga, moja humponyoka. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kuiachilia hata moja.

Swali hilo laulizwa kila penye shule, ila ni mahali pachache ambapo uzito wake waonekana wazi kama Hola. Mji huo, uliopo ukingo wa magharibi wa Mto Tana, kando ya njia iendayo Garissa kutoka Garsen, ndio makao makuu ya Kaunti ya Tana River, ambayo katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 315,943. Wapokomo ni wakulima wa ukingoni, watu wa ndizi, maembe, mahindi na mpunga. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na mali yao ni ng'ombe, mbuzi na ngamia. Wako Wamunyoyaya na Wamalakote, na wako pia wageni waliofika kwa biashara au kwa kazi ya serikali. Watoto wa watu hao wote wakutana chini ya paa moja, mbele ya ubao mmoja, na mwalimu mmoja atakiwa kuwafundisha somo moja kwa kitabu kimoja.

Kabla ya kuuliza amfuate nani, yafaa kwanza kutazama tofauti za watoto hao zatoka wapi. Maana watu wengi, wakiona mtoto amebaki nyuma, husema upesi kwamba hana akili, na neno hilo likisha kusemwa huwa ni vigumu kulifuta.

Tofauti ya kwanza ni lugha. Kipokomo ni lugha ya Kibantu, jirani wa karibu wa Kiswahili; mtoto anayekizungumza nyumbani, akisomewa hadithi kwa Kiswahili, hutambua maneno mengi hata kabla ya kufundishwa. Kiorma ni tawi la Kioromo, lugha ya jamii ya Kikushi, wala hakina udugu na Kiswahili ila kwa maneno ya kuazima. Kwa hiyo mtoto wa Kiorma anapofungua kitabu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huzitambua herufi, na papo hapo hujifunza lugha ngeni iliyoandikwa kwa herufi hizo. Mwenzake hufanya kazi moja na nusu. Wakipewa mtihani mmoja, alama zao hazitalingana, na asiyefahamu sababu atadhani amepima akili, kumbe amepima umbali ambao kila mmoja ametembea kutoka nyumbani kwao. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri ya kuwa katika madarasa matatu ya mwanzo watoto wafundishwe kwa lugha inayosemwa na watu walio wengi katika eneo la shule. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini mahali kama Hola lugha ya eneo ni ipi? Aghalabu jibu huwa Kiswahili, na jibu hilo humfaa mtoto mmoja kuliko mwingine.

Tofauti ya pili ni majira. Ukame unapozidi barani, mifugo hupelekwa kwenye delta ya Tana kutafuta malisho, na watoto wengine huondoka na jamaa zao. Wakirudi baada ya miezi miwili au mitatu, darasa limekwisha kwenda mbele kurasa nyingi. Lakini yasidhaniwe kuwa ni watoto wa wafugaji peke yao wanaokosa masomo. Mto unapofurika, kama ulivyofurika mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 na katika mwaka 2024, huwa ni zamu ya wakulima wa ukingoni kuhama na vyombo vyao, na shule nyingine hugeuka kuwa kambi au huzungukwa na maji. Hivyo basi kiangazi huwachelewesha hawa, na mafuriko huwachelewesha wale.

Tofauti ya tatu ni mafunzo ambayo mtoto amekwisha kuyapata. Watoto wengi wa Kiislamu, Waorma na Wapokomo wa juu kadhalika, huanza chuoni kabla ya kufika shuleni. Huko huzoea kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na kuhifadhi kwa moyo. Mtoto aliyehifadhi sura kadhaa za Kurani hawezi kuitwa mzito. Kumbukumbu yake ni imara na nidhamu yake ya kukaa na kusikiliza imekwisha kujengwa. Anachohitaji ni mwalimu anayejua ya kuwa jicho lake limezoea njia nyingine ya kutembea juu ya karatasi, amgeuze kwa upole.

Tena kuna tofauti iliyofichika, nayo ni ya macho na masikio. Mtoto asiyeuona ubao vizuri hunakili makosa, na mtoto asiyesikia sawasawa huitikia ovyo au hanyanyui kichwa aitwapo. Wote wawili huonekana wajinga au wakaidi. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wa namna hiyo tangu mwaka 1984, lakini kipimo cha kwanza ni cha mwalimu mwenyewe: amhamishe mtoto kutoka nyuma amlete mbele, kisha atazame juma zima kama kuna mabadiliko. Kiti kikibadilishwa bila gharama yoyote huweza kuponya kilichodhaniwa kuwa upungufu wa akili.

Sasa, mbele ya tofauti hizo, walimu wengi hushika mojawapo ya njia tatu, na kila njia ina hasara yake.

Njia ya kwanza ni kuwafuata walio mbele. Mtihani ndio uliowazoeza walimu njia hiyo. Kwa miaka mingi, tangu 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani wa KCPE ulikuwa ndio mlango wa kuingilia shule ya sekondari, na jina la shule lilipanda au kushuka kwa alama hizo. Si ajabu mwalimu alikaza macho kwa wale walioweza kuipandisha shule, akamaliza kitabu kwa tarehe iliyopangwa, hata kama nusu ya darasa ilikuwa haimfuati tena. Matokeo yake yalionekana wakati watu wa Uwezo, walioanza mwaka 2009 kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda, walipowapa watoto kazi nyepesi ya darasa la pili. Upimaji wao wa Kenya ulionyesha mara baada ya mara kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu walioiweza. Watoto hao wengine walikuwa wakienda shule, wakivaa sare, wakijibu "ndiyo mwalimu" pamoja na wenzao. Ila masomo yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyao kama ndege.

Kuna jambo lililotokea Kenya ya Magharibi ambalo lafaa kukumbukwa na kila anayedhani ya kuwa dawa ni vitabu peke yake. Katika miaka ya 1990, shule kadhaa za wilaya za Busia na Teso zilipewa vitabu vya serikali, na wataalamu wakazilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Wote walitazamia alama zipande. Habari iliyochapishwa mwaka 2009 ilieleza kwamba vitabu viliwasaidia wale tu waliokuwa wakifanya vizuri tangu hapo; kwa walio wengi havikuleta tofauti. Sababu yake haikuwa mbali. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha watoto wa juu. Kumpa kitabu mtoto asiyeweza kukisoma ni kama kumpa mvuvi wavu bila kumfundisha kuutupa.

Njia ya pili ni kumrudisha nyuma aliyeshindwa, arudie darasa mwaka mzima, pengine miaka miwili. Wazee wengi walipitia hayo, na baadhi yao huyasifu. Lakini mtoto anayerudia hurudishiwa somo lile lile, kwa namna ile ile iliyomshinda, huku akikaa na wadogo zake wanaomcheka. Msichana akishakuwa mkubwa katika darasa la wadogo, huona haya, na nyumbani husemwa ya kuwa shule haimfai. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 35, yakataza mwanafunzi kuzuiwa katika darasa au kufukuzwa. Sheria hiyo ni ya haki, ila haikumaliza kazi, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma akisukumwa darasa kwa darasa hufika juu akiwa mtupu kama alivyoanza.

Njia ya tatu ni kuwatenganisha: wepesi chumba chao, wazito chumba chao. Hapa ndipo pana mabishano makubwa, na yafaa pande zote mbili zisikilizwe.

Wanaoitetea njia hiyo wana ushahidi, na ushahidi wenyewe umetoka Kenya. Baada ya ada za shule za msingi kufutwa mwezi wa Januari 2003, madarasa yalifurika; katika shule nyingi za magharibi darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Mwaka 2005 shule 121 zilipewa mwalimu wa kuongeza, darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa bahati nasibu; katika shule 61 waligawanywa kwa kadiri ya alama zao, wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wataalamu Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia mambo hayo, nao wakayatangaza mwaka 2011. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya watoto kwa alama zilikuwa mbele. Na la kustaajabisha ni hili, kwamba si wale wa juu peke yao waliofaidika. Hata wa chini walisonga mbele kuliko wenzao waliochanganywa. Mwalimu aliyekuwa na watoto wanaokaribiana aliweza kuanzia pale walipo, badala ya kurusha maneno kwa watu wasiokuwapo.

Wanaoipinga nao hawakosi hoja. Huko Uingereza, ambako kwa muda mrefu watoto wa shule za msingi waligawanywa katika mikondo ya wenye akili na wasio na akili, tume iliyoongozwa na Bibi Bridget Plowden ilishauri mwaka 1967 kwamba desturi hiyo iachwe. Mtoto aliyetiwa katika mkondo wa chini akiwa na miaka saba aghalabu alibaki humo hadi mwisho, naye, na wazazi wake, na walimu wake, wakaamini ya kuwa ndipo mahali pake. Mgawanyo uliokusudiwa kuwa msaada uligeuka kuwa hukumu.

Hola ina sababu yake ya kuogopa zaidi ya Uingereza. Ikiwa watoto watagawanywa kwa alama ya kusoma Kiswahili na Kiingereza, na lugha na majira yamekwisha kuwachelewesha baadhi yao kama ilivyoelezwa, basi chumba cha juu chaweza kujaa watoto wa kabila moja na chumba cha chini watoto wa kabila jingine, ingawa hakuna aliyekusudia hivyo. Mwalimu atakuwa amefuata alama tu. Lakini mtoto hataona alama, ataona nyuso. Nyumbani ataulizwa yu darasa gani pamoja na nani, na jibu lake litasikiwa na watu wazima.

Wala hilo si jambo la kuwaziwa tu. Kati ya mwezi wa Agosti na Septemba mwaka 2012, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta, upande wa Garsen, yaliua watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo, na ugomvi ulikuwa wa malisho, mashamba na njia ya kufikia mto. Damu ilimwagika tena kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013. Watoto waliokuwa darasa la kwanza siku hizo sasa ni watu wazima. Katika nchi ambayo mkulima na mfugaji hukutana aghalabu pale wanapogombania maji, dawati la shule ni mahali pachache ambapo watoto wao hukaa bega kwa bega bila ya kugombania kitu. Anayelivunja dawati hilo, hata kwa nia njema ya kupandisha alama, amebomoa kitu ambacho hakijengwi upya kwa mtihani.

Basi mwalimu afanye nini? Asiwagawanye, wasijue kusoma? Au awagawanye, wasijuane? Jibu lapatikana katika kufahamu jambo moja: kundi ni la somo, si la mtoto. Mtoto asiitwe wa juu wala wa chini. Aitwe mwana wa darasa la nne, na kwa saa moja ya kusoma akae na wale wanaosoma kama yeye. Saa hiyo ikiisha, arudi dawatini kwake. Mgawanyo wa saa moja hauzai jina. Mgawanyo wa mwaka mzima huzaa.

Njia hiyo imejaribiwa. Huko India, shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai katika miaka ya 1990, lilikuta watoto wengi wa madarasa ya kati wasioweza kusoma, likaanza kuwakusanya watoto wa madarasa ya tatu hadi ya tano kwa muda mfupi kila siku na kuwapanga upya kwa kadiri ya kile wanachoweza, pasipo kutazama umri wala darasa. Muda huo ukiisha kila mtoto alirudi darasani mwake kuendelea na masomo ya kawaida. Baadaye nchi kadhaa za Afrika zikafuata.

Namna ya kuanza ni rahisi, wala haihitaji fedha. Mwalimu amwite mtoto mmoja mmoja, ampe karatasi yenye herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Pale anaposhindwa ndipo mahali pake pa kuanzia. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila mtoto. Kisha walimu wa madarasa mawili au matatu wapatane saa moja ya kusoma. Mmoja awachukue wale wa herufi, mwingine wale wa maneno na aya, wa tatu wale wanaosoma hadithi na wanaohitaji kuandika insha. Hakuna mwalimu aliyeongezwa, wala chumba kilichojengwa. Saa tu ndiyo iliyopangwa vingine. Yafaa pia mwalimu mkuu asimpe kundi la herufi mwalimu mgeni asiye na uzoefu, kama ilivyo desturi ya mahali pengi. Kumtoa mtu kwenye herufi hadi neno ni kazi ngumu kuliko kumtoa kwenye hadithi hadi insha, na yastahili mkono uliokomaa.

Kundi la hesabu nalo lipimwe mbali na kundi la kusoma, na kwa watoto wa Hola sharti hili ni kubwa kuliko yote. Mtoto aliyelelewa zizini hufundishwa mapema kuangalia kundi la mifugo na kujua ni mnyama yupi asiyerudi. Mtoto aliyefuatana na mama yake sokoni hufundishwa chenji. Akiulizwa hesabu kwa mdomo, pengine kwa lugha ya kwao, huenda akawashinda wale wanaosoma hadithi bila kukwama. Hivyo mtoto aliye katika kundi la herufi asubuhi huwa katika kundi la juu kabla ya saa sita, na mwenzake aliyemtazama kwa dharau saa mbili sasa amwomba amwonyeshe njia. Mahali ambapo kila mtoto yu mbele katika jambo moja na yu nyuma katika jingine, hakuna kabila linaloweza kuitwa la wajinga.

Sharti jingine ni kwamba makundi yapangwe upya kila mwezi. Wakulima wa Hola walifundishwa jambo hilo na mto wenyewe. Mashamba ya umwagiliaji, ambayo kazi yake ilianza katika miaka ya 1950 kwa mikono ya mahabusu, yalitegemea maji yaliyovutwa kutoka Tana. Na mwaka 1989 mto ulipobadili njia yake, mashine zilibaki pale pale, zikitazama mchanga, na mashamba yakafa kwa miaka mingi. Mwalimu anayepima watoto mwezi wa Januari na kuwaacha katika makundi yale yale hadi Novemba amefanana na mashine hizo. Mtoto amekwisha hama, naye angali akivuta pale alipokuwa. Na yule aliyekwenda na mifugo, akirudi, asipelekwe nyuma ya chumba kungojea mwaka uishe. Apimwe siku ya kwanza, apewe kundi, na jina lake lisomwe katika orodha kama la mtu aliyekuwa safarini, si kama la mtoro.

Yabaki masomo ya pamoja, nayo ndiyo sehemu kubwa ya siku. Hadithi isimuliwe kwa darasa zima, maana asiyejua kusoma aweza kujua kusimulia, na pengine kuwapita wasomaji. Bustani ya shule, michezo, usafi, dini kwa wenye dini yao, maarifa ya nchi, yote hayo hayahitaji kundi la juu wala la chini. Na wimbo pia. Bendera inapopandishwa, watoto wa Kenya nzima huimba wimbo wa taifa uliotungwa wakati wa uhuru mwaka 1963, na wengi wao hawajui ya kuwa sauti yake ilitoka katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mtoto wa Kiorma wa Hola huuimba kwa sauti kubwa, na mtoto wa Turkana na wa Kisumu vivyo hivyo. Kilichotoka katika nyumba moja kimekuwa cha wote, bila mwenye nyumba kunyang'anywa kitu.

Wako wazazi watakaosema ya kuwa mtoto mwepesi ndiye atakayelipa gharama ya mpango huu. Si kweli. Katika saa yake ya kusoma, mwepesi hangoji tena mtu yeyote; huenda na wenziwe kwa kasi yao. Katika masomo ya pamoja, anapomweleza jirani yake jambo, hulifahamu zaidi yeye mwenyewe. Kila mtu aliyewahi kufundisha aijua siri hiyo. Na mtoto wa Kipokomo anayejifunza kumweleza mwenzake wa Kiorma hesabu ya mafungu, na mtoto wa Kiorma anayemfasiria mgeni aliyefika jana kutoka malishoni, wote wawili wamepata elimu ambayo haimo katika kitabu chochote, na ambayo watu wazima wa mwaka 2012 waliihitaji sana.

Mkono mmoja haulei mwana, wala mwalimu mmoja hawezi haya yote peke yake. Mwalimu mkuu hana budi kuilinda saa ile ya makundi isiliwe na mikutano. Wazazi nao wamwambie mwalimu mapema wanapotaka kuhama na mifugo, au maji yanapokaribia mlangoni, ili mtoto apewe kitabu cha kwenda nacho. Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji, lililotajwa katika sheria ile ya 2013, liliwekwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, na viongozi wa Tana River wana haki ya kulidai shauri na msaada. Mzazi naye, mtoto akirudi jioni, asimwulize amekuwa wa ngapi. Amwulize leo amesoma nini ambacho jana hakukiweza. Swali hilo la pili laweza kujibiwa kwa furaha na kila mtoto wa darasa, wa herufi na wa hadithi pia, nao wakalijibu kila mmoja kwa njia yake, hali wote wametoka katika chumba kimoja.